Kumleta mtoto karibu: hesabu ya kosa letu

Maneno ya kamati mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu.



Leo tunaleta hesabu, na hesabu hii ina doa. Mwaka jana mkutano huu ulikubali sanduku letu limsaidie binti mmoja wa mwanachama ahame kutoka shule ya udaktari ya upande wa Katanga, aje kuendelea Bukavu. Tuliwaambia ya kwamba depansi itapungua. Haikupungua. Mwaka mmoja wa masomo yake tumeulipa mara mbili. Ni afadhali mulisikie kutoka kinywani mwetu kuliko kulisikia barabarani.

Munakumbuka ilivyokuwa. Mama yake ana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguu kilikuwa kimekataa kupona. Baba hayupo tena. Binti ndiye mkubwa wa nyumba. Safari ya kwenda kule munaijua: boti mpaka Kalemie, kisha treni ya Kabalo na Kamina, na hakuna mtu anayeweza kukuambia treni hiyo itafika siku gani. Ndege ni makuta ambayo hatuna. Bukavu ni karibu zaidi: unakwenda Uvira, kama kilomita 90, halafu Kamanyola na milima ya Ngomo. Barabara ni mbaya, tena kuna siku haipitiki kwa sababu ya usalama, lakini ni barabara ya kwetu. Mama alituambia: «Minataka mtoto akuwe karibu, hata mara moja kwa mwezi nimuone.» Nani kati yetu angekataa?

Basi tulitoa pesa ya safari, tukatoa na minervali, akafika mwezi wa kumi. Alikuwa amemaliza mwaka wa pili na kufaulu. Tulijua ataingia wa tatu. Hapo ndipo tulipokosea.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya nchi yetu viliagizwa kufuata LMD, mpango uliotajwa katika sheria ya elimu ya mwaka 2014. Katika mpango huo kila somo lina krediti zake, na mwaka mmoja una krediti 60. Sisi tulifikiri 60 ni 60 popote, kama vile kilo ya mchele ya Uvira ni kilo ya Baraka. Kumbe sivyo. Shule inayokupokea inafungua releve yako na kuangalia somo kwa somo: hili tunalo? Lina saa ngapi? Ulipata nota gani? Somo ambalo kule linafundishwa mwaka wa tatu, huku linaweza kuwa la mwaka wa pili. Wewe hujalisoma, na hakuna anayekulaumu, lakini ni deni.

Katika krediti 60 za mwaka wake wa pili, walimkubalia 41. Akabaki na deni la 19, na ndani yake kulikuwa na sehemu ya biokimia, ambayo bila hiyo masomo mengine ya mwaka wa tatu hayakufunguki. Tena releve yenyewe ilichelewa. Aliondoka kule bila kuishika mkononi, akaambiwa itamfuata. Ilifika mwezi wa pili, mitihani ya nusu ya kwanza imekwisha kupita. Siku ile alitupigia simu: «Papa prezida, banasema nirudilie mwaka.» Alikuwa analia.

Hatutaji jina la shule, ya kule wala ya huku. Kila moja ilifuata kanuni zake. Ni sisi ambao hatukuuliza.

Na sisi, wandugu, tulipaswa kujua. Sisi ni watu wa kurudi. Tangu mwaka 2005, boti za HCR zilipoanza kutoka Kigoma na kutushusha hapa Baraka, wengi wetu tulifikiri kufika ndiyo mwisho wa kazi. Tukakuta shamba linalimwa na mwingine. Tukakuta mtoto anashushwa darasa kwa sababu karatasi yake ya kambini mwalimu haielewi. Ziwa tulilivuka kwa siku moja. Karatasi zilituchukua miaka. Ndiyo kisa hiki hiki tulichompatia binti yetu.

Lakini tusiseme nusu ya habari. Mwezi wa nne mguu wa mama ulizidi, akapelekwa hospitali Bukavu. Binti alikuwa kando ya kitanda. Yeye ndiye aliyewaeleza waganga dawa gani mama alikuwa anakunywa, na zipi aliziacha pesa ilipokosekana. Mguu haukukatwa. Mama mwenyewe ameketi hapa mbele, munamuona. Kwa hiyo hatusimami kusema kwamba kuhama ni kosa. Kosa ni kuhama kabla ya kuuliza.

Sasa tuna barua mbili mezani. Kijana mmoja anasoma udaktari Kisangani, amebakiza miaka ya mwisho. Mwingine yuko Bujumbura. Wote wanaomba kusogea karibu. Kabla ya kuwajibu, kamati inawaletea mambo matano muyapigie kura.

Kwanza, sanduku lisitoe pesa ya safari mpaka shule inayopokea imeandika barua yenye sahihi na muhuri: masomo gani inakubali, masomo gani yatabaki deni, na mwanafunzi ataingia mwaka wa ngapi. Neno la mdomo kwenye simu tusilihesabu.

Pili, mwanafunzi asiondoke bila karatasi zake mkononi: releve ya kila mwaka, diploma ya serikali, hati ya kuonyesha kwamba alisoma pale na hana deni la pesa, na orodha ya masomo pamoja na saa zake. Karatasi hizi sanduku lizilipie. Ni pesa kidogo kuliko mwaka mzima.

Tatu, kazi ya kuuliza ianze wakati wa Pasaka, si mwezi wa kumi. Na tusitosheke na shule ya kwanza iliyosema ndiyo. Bukavu peke yake kuna fakulte ya udaktari kwenye Université Officielle, kwenye Université Catholique na kwenye Université Évangélique en Afrique. Kama mtu anataka kwenda shule nyingine, aulize kwanza kama serikali inaitambua. Daktari asiyeandikwa katika Ordre des Médecins haruhusiwi kutibu, na diploma isiyotambuliwa itamfungia mlango huo.

Ine, aliyesoma nje ya nchi asubiri. Miaka ya Bujumbura inahitaji kwanza kukubaliwa na wizara kuwa sawa na ya kwetu. Kijana wetu aendelee kule wakati karatasi zinatembea. Bujumbura na Uvira ni jirani. Anaweza kuja kuona wazazi wake bila kupoteza masomo.

Tano, tupime kila mara kama kuna njia nyingine. Huyu wa Kisangani anakaribia wakati wa staji. Badala ya kuhama shule, aombe fakulte yake imruhusu kufanya sehemu ya staji katika hospitali ya huku. Wakikubali, atakuwa karibu na nyumbani na diploma yake itabaki ya shule moja. Na kwa yule ambaye sababu yake ni mzazi mgonjwa, tuhesabu pia tiketi ya kuja likizo na kitu kidogo cha kumpa jirani amwangalie mgonjwa. Pesa ya mwaka ule tuliolipa mara mbili ingetosha kufanya yote mawili.

Wafadhili wetu, pesa yenu haikuliwa na mtu. Ililipa mwaka uliorudiliwa, na risiti ziko kwa mtunza sanduku; anayetaka kuziona atatumiwa. Hatuwaombi mulipe kosa hilo tena. Kotizasio ya wanachama ya miezi mitatu ijayo itajaza sehemu ya pengo hilo.

Binti yetu sasa ameingia mwaka wa tatu. Jana tulimuuliza kama ana neno kwa mkutano. Alisema: «Musifungie bengine mlango juu yangu. Mubaambie tu baulize mbele.»

Tumemaliza. Wenye maswali wainue mkono, kisha tupige kura.