Saa ya Kwanza ya Mgonjwa
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Bariadi



Katika semina zetu tumezoea kuzungumzia mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na mauaji ya vikongwe. Leo twawaomba mtuvumilie tukizungumzia chumba kimoja tu cha hospitali, yaani kile anamopokelewa mgonjwa wa dharura. Humo, kwa muda wa saa moja hadi tatu, huamuliwa mara nyingi kama mtu ataishi au atakufa. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi, na haki hiyo haikomi mlangoni pa hospitali.

Ugonjwa tunaotaka kuueleza huitwa na waganga wa hospitali sepsisi. Watu wetu husema kwamba damu imeingia sumu, na hawakosei sana. Huanza na maambukizi ya kawaida: kichomi, kidonda cha jembe mguuni, njia ya mkojo, au tumbo la uzazi la mama aliyejifungua juzi. Mwili hupigana na vijidudu, lakini vita hivyo hupita kiasi, hata mwili ukaanza kuharibu viungo vyake wenyewe: figo, mapafu, moyo na ubongo. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipatwa na hali hiyo, na milioni 11 kati yao walifariki. Ni kama kifo kimoja katika kila vifo vitano. Mwezi Mei mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyataka mataifa yaupe ugonjwa huu uzito unaostahili.

Tangu mwaka 2004 mabingwa wa nchi nyingi wametoa mwongozo wa tiba, nao wameurekebisha mara kadhaa. Toleo la mwaka 2021 lasema kwamba mgonjwa ambaye presha yake imeshuka, au ambaye dalili zake ni dhahiri, apewe antibiotiki ndani ya saa moja. Yule ambaye bado kuna shaka juu yake achunguzwe upesi, na mashaka yakiendelea apewe ndani ya saa tatu. Damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha vijidudu maabara, iwapo kufanya hivyo hakucheleweshi dawa. Chanzo cha maambukizi kitafutwe na kuondolewa. Kisha mgonjwa aangaliwe tena na tena.

Huko New York mtoto wa miaka 12, Rory Staunton, alifariki mwaka 2012 baada ya kuchubuka mkono akicheza. Alikuwa amepelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani. Wazazi wake hawakunyamaza, na mwaka 2013 jimbo hilo liliziamuru hospitali zake zote ziwe na utaratibu wa kumtambua na kumtibu mgonjwa wa aina hii. Wagonjwa 49,331 katika hospitali 149 walipochunguzwa baadaye, ilionekana kwamba kila saa moja ya kuchelewa kukamilisha hatua za mwanzo iliongeza uwezekano wa kifo kwa asilimia 4 hivi.

Je, basi, tuuchukue mwongozo wa ng'ambo jinsi ulivyo na kuubandika ukutani? Hapana, na sababu yake tunayo hapahapa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanyika utafiti katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa: wengine walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama ilivyoaminiwa duniani kote, na wengine hawakupewa kwa haraka hivyo. Katika saa 48 za kwanza, kati ya waliopewa maji kwa haraka walifariki kama 10 au 11 katika kila 100. Kati ya wale wengine walifariki 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. (Tuseme wazi, ili pasiwe na mzazi atakayekataa dripu: watoto wenye ugonjwa wa kuhara hawakuhusishwa, nao huhitaji kurudishiwa maji.) Halafu huko Lusaka, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, walitibiwa kwa njia mbili. Kati ya waliopewa utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha presha walifariki 48 katika kila 100. Kati ya waliopata huduma ya kawaida, 33. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2017.

Sisi hatusomi humo kwamba mwongozo ni bure. Twasoma kwamba mahali pasipo na mashine za kupumulia wala vyumba vya wagonjwa mahututi, maji yataka kiasi, na jicho la muuguzi ni sehemu ya dawa. Mwongozo wa haki ni ule uliopimwa kwa watu wanaofanana na wagonjwa wetu. Ndugu zetu wa Malawi wameonyesha njia: kwa akina mama wenye maambukizi ya uzazi, vituo 15 vilijaribu utaratibu wa mambo matano, yaani maji, antibiotiki, kuondoa chanzo, kumpeleka mgonjwa panapostahili, na kumfuatilia.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji umeme. Mtu mzima anayepumua mara 22 au zaidi kwa dakika, aliyechanganyikiwa, au ambaye presha yake ya juu imefika 100 au chini yake, asiachwe benchini, ingawa dalili hizo zisitegemewe peke yake. Nasi nyumbani tuna tabia ya kuita kila homa malaria. Kipimo kikionyesha hakuna malaria twafurahi na kurudi zetu, kumbe swali ndilo kwanza linaanza: homa hii yatoka wapi?

Kuna jambo la fedha, na hapa hatutaficha maneno. Katika mwongozo hakuna hatua iitwayo stakabadhi. Mkulima wa pamba hupata fedha msimu unapofunguliwa, lakini maambukizi hayangoji mnada wala kuuzwa kwa ng'ombe. Serikali imekwisha kuagiza kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo, na Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Anayemweka mgonjwa wa sepsisi dirishani pa malipo hali saa yake inakwisha, humnyang'anya kitu kisichorudishwa. Lakini pia tusimhukumu muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, ambaye kabati lake halina dawa. Lawama yake ni ndogo kuliko ya wale wanaopanga zamu na bajeti.

Kwa hiyo twawaomba mambo machache. Katika kila jumuiya wateuliwe wawili wa kuwatembelea akina mama kwa siku kumi baada ya kujifungua, wakiuliza juu ya homa, maumivu ya tumbo na uchafu wenye harufu. Mfuko wa jumuiya utenge nauli ya dharura mapema, kabla mvua haijageuza udongo wa mbuga kuwa tope. Na ninyi mnaowakilisha wananchi katika kamati za vituo vya afya, ulizeni kikao kijacho maswali haya, na mtake yaandikwe katika kumbukumbu: antibiotiki ya sindano iliisha siku ngapi robo iliyopita? Mgonjwa wa mwisho wa dharura aliingia saa ngapi, na sindano yake ya kwanza aliipata saa ngapi?