Kufundisha mwanzo wa uhai kwa miamba ya Mara



Mwanafunzi wetu akiulizwa kuhusu mwanzo wa uhai hutaja nadharia moja baada ya nyingine kama kiranja anayeita mahudhurio, anapata alama zake, basi. Hatujamuuliza ni ushahidi gani ungeweza kuiangusha nadharia mojawapo. Kwangu mimi somo lenyewe linaanzia hapo, na sisi walimu wa sayansi wa Musoma, Bunda na Butiama tuna mahali pazuri pa kulifundishia.

Tuanze na ziwa, maana wanafunzi wengi huanzia huko. Ziwa Victoria ni changa mno kwa swali hili. Lilikauka, likajaa upya yapata miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo samaki aina ya furu wamegawanyika kuwa spishi zinazokadiriwa kufikia 500. Mvuvi wa Ghuba ya Speke anapomwaga furu mchangani anatuonyesha jinsi viumbe wanavyobadilika. Kiumbe wa kwanza alipatikanaje, furu hawasemi. Hayo ni maswali mawili, na tukiyachanganya darasani tunampoteza mtoto.

Miamba ndiyo mikongwe. Pasua jiwe la graniti, kama yale yaliyotapakaa Mwitongo, Butiama: utaona kwatzi inayong'aa kama kioo, feldspa iliyopauka, na maika nyeusi inayobanduka kwa ukucha. Ndani ya mawe ya namna hiyo hukaa punje ndogo sana za zirkoni zenye urani, ambayo hugeuka polepole kuwa risasi. Kwa kupima uwiano wa viwili hivyo, Shukrani Manya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2006 umri wa miamba ya ukanda wa Musoma–Mara, ukanda uleule wenye dhahabu ya Tarime. Ni kati ya miaka bilioni 2.6 na 2.7.

Hata umri huo hautoshi. Huko Pilbara, Australia, kuna mabaki ya tabaka zilizojengwa na vijidudu miaka bilioni 3.48 iliyopita, na Barberton, Afrika Kusini, kuna dalili za uhai za zaidi ya miaka bilioni 3.2. Miamba yetu ilipopoa, uhai ulikuwa umeshakuwepo muda mrefu. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini jiwe la Butiama haliwezi kujibu swali hili ameelewa sayansi kuliko aliyekariri majina.

Miamba ikishindwa kujibu, tugeukie maabara. Mwaka 1953 Stanley Miller, kijana wa maabara ya Harold Urey huko Chicago, alichapisha matokeo ya kupitisha cheche za umeme katika mchanganyiko wa methani, amonia, haidrojeni na mvuke. Alipata asidi amino, matofali ya protini. Baadaye wanajiolojia walitilia shaka iwapo hewa ya kale ilikuwa hivyo. Lakini asidi amino zilipatikana pia katika kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969. Kimondo chetu cha Mbozi ni cha chuma, tusikitolee mfano hapa. Na wanaosema uhai wenyewe ulitoka angani wanalihamisha swali tu.

Ubishi mkali wa leo ni kuhusu mahali. Michael Russell alitetea chemchemi za chini ya bahari zenye maji ya alkali. Mwaka 2000 chemchemi za namna hiyo ziligunduliwa katika Atlantiki, zikitoa haidrojeni kwa nyuzi joto 40 hadi 90. Huko tofauti ya asidi na alkali huweza kutoa nishati, na seli zetu bado zinatumia tofauti ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba maji mengi huvunja minyororo ya RNA na protini. Kwa hiyo David Deamer na Bruce Damer wanatetea vidimbwi vya nchi kavu karibu na chemchemi za moto, vinavyolowa na kukauka mara kwa mara.

Binafsi naegemea vidimbwi, kwa sababu kukauka hukusanya kemikali na kuziunganisha. Sehemu ya kukusanya inapimika shuleni. Mvua ikinyesha, mashimo ya juu ya mawe hujaa. Tia chumvi kidogo katika shimo moja, uache jua lifanye kazi, wanafunzi wapime kina na waonje ukali wa chumvi kila baada ya saa moja. Hatutapata uhai, ila wataona kwa macho yao jinsi maji hafifu yanavyokuwa mazito.

Atakuwepo atakayeuliza, "Mwalimu, na Mungu je?" Tumjibu kwa heshima: imani yake haiko kwenye mtihani, hapa tunajadili kinachopimika.

Napendekeza mtihani wetu wa majaribio uache kusema "taja nadharia". Tumpe mtahiniwa mazingira mawili, chemchemi ya baharini na kidimbwi cha juu ya jiwe, aeleze kila kimoja kingepata wapi nishati, kingekusanyaje kemikali, na ni ushahidi gani ungemfanya akikatae.