Mzigo Mzito, Kiatu Gani?

Ndugu msikilizaji, leo nakuomba utazame chini, pale unapokanyaga. Nataka tuzungumze habari ya viatu. Si viatu vya harusi wala vya ofisini, bali viatu vya mtu anayenyanyua kitu kizito.

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa Chilangala, kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Jioni moja nilipita karibu na mkorosho mkubwa, nikakuta vijana sita chini yake wanabeba vyuma. Ninaposema vyuma usifikirie vile vinavyong'aa kwenye kumbi za mazoezi za Dar es Salaam. Hawa walikuwa na bomba la maji ambalo, kwa shida ya maji ilivyo juu ya uwanda ule, lilikuwa limejitafutia kazi nyingine. Upande huu wa bomba na upande ule wamechomeka gia za gari bovu na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Walikuwa wanapokezana, huyu akishusha mwingine anainua, na kelele za kutiana moyo zilisikika hadi barabarani.

Watano walikuwa pekupeku. Mmoja, mwenye kifua kipana kuliko wote, alivaa raba za mtumba, zile nene zenye soli laini ya kukimbilia, za rangi tatu. Nikamsifu kwa raba zake. Akacheka, akasema, "Hizi ni za vyuma tu, mjomba. Kazini sizivai, zitachakaa." Nikamwuliza kazi yake. Akaniambia anapakia korosho ghalani. Je, huko unavaa nini? Akanionyesha kwa kidevu kwenye shina la mkorosho. Pale palikuwa na kandambili zilizolika kisigino, mkanda mmoja umeshikizwa kwa waya.

Basi ndugu msikilizaji, kijana yule ana jozi mbili za viatu, na zote mbili anazivaa mahali pasipo pake.

Tuanze na raba. Raba ya kukimbilia imetengenezwa ili ibonyee. Mkimbiaji anapotua, sifongo iliyo chini ya kisigino inapunguza kishindo, naye anashukuru. Lakini anayenyanyua hakimbii popote. Amesimama, na nguvu yake yote inatoka ardhini, inapita kwenye nyayo, magoti na kiuno mpaka mikononi. Ukiweka sifongo katikati, sehemu ya nguvu hiyo inaishia kuibonyeza sifongo. Hilo si baya sana. Baya ni kwamba sifongo haibonyei sawasawa. Inalala upande wa ndani au wa nje, kifundo cha mguu kinaifuata, goti linafuata kifundo, na wewe umeshika kilo themanini juu ya kichwa. Jaribu kusimama juu ya godoro huku umebeba ndoo ya maji kichwani, utanielewa. Nilimtazama yule kijana akichuchumaa na bomba lake mabegani, na kila alipoinuka magoti yalikuwa yanakutana kama yanataka kuambiana siri. Wenzake wa pekupeku, waliokuwa wembamba kuliko yeye, walisimama imara kama nguzo.

Wanaoshindana katika mchezo huu hawavai raba za kukimbilia. Kiatu cha mnyanyuaji kina soli ngumu isiyobonyea, ya mbao, ya ngozi iliyoshindiliwa, au siku hizi ya plastiki ngumu. Kisigino chake kimeinuka kiasi cha sentimita 2, na juu ya unyayo pana mkanda wa kukaza ili mguu usicheze ndani. Kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huo zinamtaka kila mshindani avae viatu. Pekupeku hapandi jukwaani hata akiwa na nguvu za Samsoni.

Kisigino kile kilichoinuka hakikuwekwa kwa urembo. Mpaka mwaka 1972 kulikuwa na mitindo mitatu katika mashindano, na mmoja ulikuwa wa kusukuma chuma juu kutoka mabegani huku umesimama wima. Baada ya Olimpiki ya Munich ya mwaka huo mtindo huo ulifutwa, ikabaki miwili. Mmoja ni wa kunyakua chuma kutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo. Mwingine ni wa hatua mbili, kwanza mabegani, halafu juu. Katika yote miwili wanyanyuaji wengi siku hizi huingia chini ya chuma kwa kuchuchumaa kabisa, halafu wanainuka nacho. Mtu akichuchumaa hivyo, magoti lazima yaende mbele ya vidole. Kifundo kikiwa kigumu, kisigino kinanyanyuka au mgongo unapinda mbele, na chuma kinaanguka. Kisigino cha kiatu kinamkopesha mtu zile sentimita 2 ambazo kifundo chake kimemnyima.

Mwaka 2021 huko Tashkent, Uzbekistan, Lasha Talakhadze wa Jojia aliinua kilo 267 kwa mtindo huo wa hatua mbili. Kwa hesabu ya Newala, hayo ni magunia matatu ya korosho ya kilo 80, na juu yake ndoo ya maji na ziada kidogo. Mzigo wa namna hiyo hauwekwi juu ya sifongo.

Sasa, je, kila mmoja wetu anahitaji kiatu hicho? Nadhani hapana, na hapa mtu wa Chilangala anamshinda mtu wa Upanga. Fanya jaribio hili nyumbani. Vua viatu, weka miguu sambamba na upana wa mabega, kisha chuchumaa mpaka chini bila kunyanyua visigino. Aliyekua akichuchumaa chooni, jikoni na shambani atakaa hapo hata akamaliza kikombe cha chai. Vifundo vyake vinalegea, na soli bapa inamtosha. Aliyekaa kitini miaka ishirini ataanguka chali, au visigino vitamnyanyuka kabla hajafika nusu. Huyo ndiye anayehitaji kisigino. Kwa hiyo vijana wangu wale watano hawakuwa wajinga kubeba vyuma bila viatu. Walikosea jambo moja tu, kwamba vidole vya mguu havina chuma, na kopo la zege likichomoka kwenye bomba halichagui pa kuangukia.

Kwa mtu wa kipato chetu, basi, kiatu kizuri cha mazoezi ni raba ya turubai yenye soli bapa ya mpira mgumu, zile za bei ndogo walizokuwa wakivaa wanafunzi. Kwa kunyanyua mzigo kutoka chini hadi kiunoni ndizo bora hata kupita kiatu cha mashindano, maana kila sentimita inayokuinua wewe inaongeza safari ya mzigo. Ukienda kwenye mitumba, usidanganywe na rangi. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba. Kikizama, mrudishie mwenyewe. Kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, ujue mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake, nawe utaununua pamoja na kiatu. Na anayehitaji kisigino amwone fundi viatu. Kipande cha mbao ngumu au ngozi nene, upana sawa na soli, urefu sawa miguu yote miwili, kigundishwe na kupigwa misumari. Katika nchi ya Wamakonde sitarajii kusikia kwamba amekosekana mtu wa kuchonga mbao. (Mpingo hauhitajiki, wauhifadhi kwa vinyago.)

Ila kiatu peke yake hakitoshi. Udongo wa uwanda ule ni mchanga mwekundu, na chini ya mkorosho umelegea zaidi kwa kufagiwa. Mchanga nao ni sifongo. Jukwaa la mashindano ni la mita 4 kwa 4, gumu na bapa. Niliwashauri wale vijana watafute mbao au mlango mkuukuu, wauzike usawa wa ardhi, wasimame juu yake. Mmoja akasema mlango anao, tatizo ni kwamba bado uko kwenye nyumba ya bibi yake.

Nimechelewa kwenye vyuma kwa sababu vinapendeza kusimulia. Lakini mwenye vyuma akichoka anaviacha. Mpakiaji wa korosho hawezi kuliacha gunia katikati ya ubao.

Kuanzia Oktoba, magunia yanapojaa maghalani Newala, Masasi na Tandahimba, wachukuzi wanafanya kazi ambayo hakuna mwalimu wa mazoezi angeiruhusu. Gunia lina kilo 80. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima. Wenzetu wanabeba 80 mgongoni, wanapanda ubao mwembamba hadi kwenye lori, wanarudi kuchukua jingine, na wengi wao wanalipwa kwa idadi ya magunia. Anayehesabiwa magunia hatembei polepole.

Huyo naye hahitaji kiatu cha mwanamichezo. Soli ya mbao ingeteleza kwenye ubao siku ya kwanza. Anahitaji soli ngumu isiyotobolewa na misumari ya chaga, yenye meno ya kushika ubao. Mbele pafunikwe pawe pagumu, maana gunia likianguka linaanguka vidoleni. Nyuma pashike kisigino na kifundo, kwa kuwa anayetembea na mzigo anageuka, na kifundo kinavunjika wakati wa kugeuka. Hilo ni buti la kazi. Kandambili haina hata sifa moja kati ya hizo. Imeshikwa na tundu moja katikati ya vidole viwili, na siku mkanda unapochomoka juu ya ubao, mtu anashuka chini na kilo 80 zinamfuata. Makatambuga ya tairi yana nafuu, soli haitoboki na mkanda wa nyuma unashika, ila vidole viko wazi.

Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Kwenye sheria jambo limekaa vizuri. Kwenye ghala nililolitembelea kesho yake, nilimwuliza msimamizi kuhusu mabuti. Akanijibu kwa upole kwamba vijana wale si wafanyakazi wake, ni vibarua wa siku, wanakuja na kiongozi wao. Nikamwendea kiongozi wao. Naye akasema yeye si mwajiri, yeye ni mchukuzi kama wenzake, anagawa fedha tu. Nilihesabu watu kumi na wanane pale mlangoni. Mmoja alikuwa na buti, na lilikuwa la mguu wa kushoto tu. Mguu wa kulia ulikuwa na kandambili.

Jioni nikarudi kwenye mkorosho. Nikamwomba yule kijana avue raba zake ajaribu kuchuchumaa na bomba lake pekupeku. Akaenda chini, akainuka, magoti yamenyooka. Akarudia mara tano, akatabasamu. Nikamwambia basi, kwa sasa raba hizo zivae ghalani. Si buti, lakini zinafunika vidole na zinashika kisigino, zina heri kuliko kandambili.

Akazitazama kwa muda, akazipangusa mchanga kwa kiganja. "Sawa, mjomba," akasema. "Ila zikichanwa na msumari kule, nani atanilipa?"

Nilikuwa nimetoka kuongea na msimamizi, na kiongozi wa vibarua pia, kwa hiyo sikuwa na jina la kumtajia. Niliondoka Chilangala asubuhi iliyofuata. Lori lilikuwa limeshasogezwa mlangoni mwa ghala na ubao umeegeshwa, nami nikamwona akipanda nalo gunia la kwanza, amevaa kandambili.