Kura ya Mainjinia Yatuhusu Nini?

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi na wanachama wa karakana



Halmashauri ya tawi ilituagiza sisi wa karakana tuje tuseme juu ya jambo lililoleta kelele wakati wa chai mwezi uliopita. Jambo lenyewe ni hili. Injinia mmoja kijana tuliye naye, binti ambaye hakuna asiyemjua kwa ovaroli yake yenye grisi, aliombwa na wenzake wa chama cha mainjinia asimame kugombea kiti cha mjumbe katika Baraza la chama hicho. Akatuuliza, "Ndugu zangu, mwaonaje?" Wengine wakacheka. Mmoja akasema hayo ni mambo ya watu wa tai. Mwingine akasema aende upesi, akatutetee mshahara. Sisi twaona wote wawili walikosa, na kwa sababu hiyo tumesimama hapa leo.

Kwanza tufahamu chama hicho ni chama gani. Chama chetu sisi ni cha kutafuta haki ya mfanyi kazi kwa mwajiri: mshahara, saa za kazi, likizo, na mtu asifukuzwe ovyo. Chama cha mainjinia hakikai mezani na mwajiri kupatana mshahara. Kazi yake ni kuutunza ujuzi wenyewe, yaani vijana wafunzwe namna gani, mtu mzima aendelee kujifunza nini, na heshima ya kazi isipotee. Hapa Kenya chama hicho ni Institution of Engineers of Kenya. Tusikichanganye na Bodi. Bodi iliwekwa na Sheria ya Mainjinia ya mwaka 2011, nayo ndiyo inayoandika majina katika daftari. Asiyeandikwa hana ruhusa kujiita injinia. Kisha mwaka 2016 ikaja sheria nyingine kwa ajili ya mateknolojisti na mateknishiani, nao wakapewa bodi yao mbali.

Basi angalieni karakana yetu. Injini ya dizeli imeinuliwa kwa jeki, bogi imetolewa chini yake, na watu watano wameizunguka. Mmoja ameandikwa katika daftari la mainjinia, wawili katika daftari la mateknishiani, na wawili ni mafundi waliojifunza kazi kwa mikono, hawamo katika daftari hata moja. Breki zikishindwa mteremkoni, abiria hatauliza nani alikuwa katika daftari gani. Lakini mafunzo yakipangwa, mwenye kusikilizwa ni yule aliye na Baraza lenye sauti. Mtu wetu mmoja akiwa huko, anayejua kwamba kijana wa mazoezi hupewa ufagio miezi mitatu kabla hajaonyeshwa injekta, hilo si jambo la watu wa tai peke yao.

Tena wenye kucheka wajue ya kuwa vyama hivi vilianza karibu sana na reli. Huko Uingereza chama cha mainjinia wa ujenzi kilikuwapo tangu 1818. Cha mainjinia wa mitambo kiliundwa tarehe 27 Januari 1847 mjini Birmingham, katika hoteli iliyokuwa kando ya steshini ya reli, na watu wa magari ya moshi walikuwa mbele katika kukiunda. Rais wao wa kwanza alikuwa George Stephenson, mjenzi wa injini na wa njia za reli. Huyo Stephenson alizaliwa mwaka 1781, mwana wa mchochea moto wa pampu ya mgodi wa makaa, na mpaka alipokuwa kijana wa miaka 18 hakujua kusoma. Alijifunza shule ya usiku baada ya kazi. Iko hadithi kwamba wale wa ujenzi walimkataa mpaka aandike insha kuonyesha ujuzi wake, naye akakasirika akaunda chama chake. Hadithi ni tamu, nasi tuliipenda, ila waliochunguza wanasema haina ushahidi. Yatosha kusema walimchagua mtu aliyetoka shimoni.

Lakini kuanza na mtu wa shimoni hakukuzuia mlango kufungwa baadaye. Kwa miaka mingi desturi ya vyama hivyo ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, wanachama hawakuwa sawa. Waliofuzu kamili ndio waliopiga kura. Wanafunzi na wale wa madaraja ya chini walilipa ada, wakasikiliza mihadhara, wakanywa chai, lakini kura hawana. La pili, Baraza lenyewe ndilo lililotunga orodha ya watu wa kuchaguliwa. Mwanachama aliletewa karatasi yenye majina yaliyokwisha kuchujwa na walioketi. Hakuna aliyeiba kura hapo. Ila mkichagua kutoka kwa mkono wa yule mnayetaka kumbadili, mabadiliko yatakwenda mwendo wa gari la mizigo lililoachwa kwenye njia ya pembeni.

Mwendo huo twaweza kuupima. Mwaka 1924 chama hicho cha mitambo kilimpokea mwanamke wa kwanza, Verena Holmes. Huyu alifanya kazi katika kiwanda cha North British Locomotive kule Glasgow, na mwaka 1931 akawa mwanamke wa kwanza katika chama cha mainjinia wa injini za reli. Kiwanda hicho si kigeni kwetu. Kilitengeneza injini za moshi za daraja la 29 zilizovuta magari katika Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1950, na moja imesimama katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi. Nendeni mkasome bamba lake. Basi tangu 1847 chama kile cha mitambo kilikaa mpaka 1997 ndipo kikapata rais mwanamke, Pamela Liversidge. Hiyo ni miaka 150. Tulipomsomea binti wetu hesabu hiyo alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mimi sina haraka." Tukacheka wote, lakini hatukufurahi sana.

Na hicho chama cha mainjinia wa injini za reli, kilichoanza 1911, mwaka 1969 kiliingia ndani ya kile kikubwa cha mitambo kikawa idara yake ya reli. Sisi hatusemi walikosa. Chama kidogo kina sauti safi lakini mfuko mwepesi. Ila mkiwa wachache ndani ya nyumba kubwa, yenye watu wa magari, wa ndege na wa viwanda vya nguo, yawapasa kuwa na mtu wa kusema "na reli je?" kila baraza likikaa. Asipokuwapo, hakuna mwenye nia mbaya; reli husahauliwa tu.

Wazee wetu waliofanya kazi zamani za ukoloni wametusimulia jinsi vyeo vya reli vilivyopangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini na nyundo yake. Fundi aliweza kumfundisha bwana mgeni kazi, kisha bwana akapanda cheo yeye akabaki pale pale. Hakuna baraza lolote la ujuzi ambamo mzee yule alikuwa na kura. Twalitaja kwa sababu vijana wakiona karatasi ya kura huitupa kama risiti ya sukari.

Sasa tuseme kosa letu wenyewe, maana si haki kuwacheka mainjinia tu. Mwaka mmoja tulimchagua mjumbe wa karakana kwa kupiga makofi. Mvua ilikuwa inakuja, watu walitaka kuwahi matatu, jina likatajwa moja, makofi, tukaondoka. Tulikuwa na neno moja tu la kumtuma: viatu vya kazi, maana vijana wawili walikuwa wameangukiwa na vyuma vidoleni. Ikapita miezi sita bila habari. Tukamwendea kwa hasira. Akatujibu kwa upole, "Mliniambia makofi, hamkuniambia viatu. Na tangu siku ile nani amekuja kuniuliza?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Alikuwa mtu mwema, na bado ni mtu mwema. Sisi tulimpa kiti bila barua ya kumtuma.

Kwa hiyo tulipoketi na binti tena, hatukumwuliza kama atashinda. Tulimwuliza atarudi kwa nani kutoa habari. Hapo pakawa na ubishi. Mzee mmoja alitaka aahidi kwamba akichaguliwa atakuwa mtu wa chama chetu. Akakataa, tena mbele yetu sote. Alisema watakaompigia kura ni mainjinia, na miongoni mwao yumo mkubwa wa ofisi aliyekataa kutia sahihi ovataimu yetu ya mwezi wa pili. "Huyo naye atakuwa amenituma," akasema. Maneno haya yalituuma. Lakini tukiyapima twaona ni ya kweli, na mtu anayesema hivyo kabla ya kura ni afadhali kuliko anayeahidi kila kundi peke yake. Alichokubali ni kusema wazi habari za vijana wa mazoezi na za watu wa reli walio mbali na mji, na kuja hapa kila baada ya mkutano wa Baraza atueleze lile lisilo siri.

Halmashauri iliuliza kama tawi litoe fedha za kumsaidia. Rai yetu ni hapana. Fedha ya ada yetu imetolewa kwa kazi ya chama hiki, na yeye akichaguliwa kwa fedha yetu wenzake watamwona ni kibaraka. Wala tusimwamuru mwanachama yeyote aliye injinia ampigie kura nani.

Ila kuna jambo moja la haraka. Ada yetu hukatwa kwenye mshahara, kwa hiyo hatujui kuchelewa. Kule kila mtu hulipa mwenyewe, na mwenye deni hupoteza kura. Tunajua kwa uchache wenzetu wanne katika mkutano huu, wawili wa njia, mmoja wa ishara, mmoja wa karakana, ambao ni wanachama kamili na hawajalipa. Hatutawataja. Lakini karatasi ya kumpendekeza mgombea yataka sahihi za wanachama wasio na deni, na sisi tuliojaa hapa, kwa wingi wetu wote, hatuwezi kuitia sahihi hata moja.

Binti yupo nyuma pale karibu na mlango. Amekubali kuulizwa maswali. Bwana Mwenye Kiti, twaomba mzee wa ovataimu aanze.