Ijue Dira Yako ya Maji

Maelezo kwa wakazi wa Kata ya Masoko



Mkulima wa chai hapa Rungwe hakubali malipo ya majani mabichi ambayo hakuyaona yakipimwa kwenye mizani. Busara hiyohiyo yafaa kwa maji. Dira iliyofungwa nyumbani ni mizani yenu, nanyi mna haki ya kujua inavyopima.

Dira nyingi za majumbani ni za kuzunguka. Maji yanapopita husukuma kigurudumu chenye mapanga, nacho huendesha tarakimu. Lita 1,000 ni uniti moja. Dira hii haihitaji umeme, lakini haitofautishi maji na hewa: bomba lililokauka likijazwa upya, hewa inayotangulia yaweza kuizungusha. Mchanga nao huichakaza, ikapima pungufu.

Viwandani na kwenye mabomba makubwa hutumika dira zisizo na kinachozunguka. Moja ni ya sumaku: maji yakipita kati ya sumaku huzaa umeme mdogo, na kasi ikizidi, umeme nao huzidi. Nyingine hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika. Sauti inayofuata mkondo hufika mapema kuliko inayoupinga. Tofauti hiyo ya muda ndiyo kipimo.

Haya yatuhusu nini? Tuseme dira ya tangi inaonyesha lita 50,000 zimetoka, na dira zote za majumbani zinajumlisha lita 35,000. Lita 15,000 zimepotea, ama kwa bomba lililopasuka, ama kwa maunganisho yasiyo halali, ama kwa dira mbovu. Gharama yake huwaangukia wanaolipa kwa uaminifu.

Basi, jipimieni wenyewe. Usiku fungeni koki zote, andikeni tarakimu, kisha zisomeni tena alfajiri kabla ya kuchota. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja upande wa nyumbani. Tena, kingeni ndoo tano zenye alama ya lita 20: dira isogee lita 100. Isipolingana, toeni taarifa kwa chombo cha watoa huduma ya maji cha jamii au RUWASA. Msivunje lakiri, kuhakiki dira ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

Anayeijua dira yake hulipa haki, na hudai haki.