Jicho Linapouongoza Mkono: Utafiti wa Anatole Lécuyer kuhusu Mguso katika Uhalisia Pepe



Mtu aliyevaa miwani ya uhalisia pepe huiona meza, akainyoshea mkono, na mkono ukapita katikati yake. Wahandisi wengi wamelikabili tatizo hili kwa mashine zinazousukuma mkono: vyuma vyenye mota, au glavu zinazotetema. Anatole Lécuyer, mtafiti wa taasisi ya Inria mjini Rennes, Ufaransa, alianzia kwenye jicho.

Mwaka 2000, yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la springi. Mshiriki alikibonyeza kifaa ambacho karibu hakisogei, huku akitazama springi ikibonyea kwenye skrini. Kwa nguvu ileile ya kidole, kompyuta iliweza kuibonyeza springi hiyo sana au kidogo. Iliyobonyea kidogo ilihisiwa kuwa ngumu, na iliyobonyea sana ikahisiwa laini. Kilichokuwa chini ya kidole hakikubadilika hata chembe.

Jaribio jingine la Lécuyer, la mwaka 2004, linanivutia zaidi, kwa kuwa lilitumia kipanya cha kawaida. Mshiriki alikipitisha kishale juu ya picha bapa. Kishale kilipopunguza mwendo, kama kinachopanda, kisha kikauongeza, kama kinachoteremka, watu walihisi nundu. Mpangilio ulipogeuzwa, walihisi shimo. Walipotakiwa kuchora maumbo hayo, waliyachora ipasavyo.

Msingi wa jambo hili, la jicho kuuongoza mkono, ni wa zamani. Mwaka 1964, Irvin Rock na Jack Victor waliwapa watu kipande cha mraba wakishike huku wakikitazama kupitia lenzi iliyokifanya kionekane mstatili. Hukumu zao kwa kiasi kikubwa zilifuata jicho. Hata hivyo jicho halitawali daima. Marc Ernst na Martin Banks walionyesha mwaka 2002 kwamba ubongo huipa kila hisi uzito kulingana na uhakika wake: picha ikivurugwa, mkono ndio huaminiwa zaidi. Kwa maoni yangu, matokeo haya ndiyo yanayouwekea mpaka utafiti wa Lécuyer. Njia yake hufaulu picha ikiwa wazi na isipopingana mno na kile mkono unachokijua.

Kwa hiyo maabara isiyo na glavu za bei kubwa haina sababu ya kungoja. Kipanya, skrini na programu iliyoandikwa kwa uangalifu vinatosha kuanza kuuliza maswali mazito kuhusu mguso. Lakini tusidai kupita kiasi. Mwanafunzi wa upasuaji anahitaji mkono wake uzuiwe kwelikweli kabla kisu hakijazama. Na mtu asiyeona hapati chochote katika njia hii, kwa sababu yote imejengwa juu ya picha; kwake yeye, mashine inayousukuma mkono, au sauti inayobadilika kidole kinapopita, bado ndiyo njia ya kufanyia kazi.