Yale Maboksi ya Faili Yatarudi Lini?

Jana usiku wengi waliingia kwenye mazungumzo yetu yakiwa yanaisha, kwa hivyo nimeandika hapa yale niliyosema.

Mnaijua hii sinema. Makachero wanafika alfajiri, wanatoka na maboksi ya faili na kompyuta, kamera zinawaka. Kufika jioni upande mmoja unapiga kelele, "Hii ni siasa!" Mwingine unajibu, "Mwizi ashikwe!" Baada ya wiki kila mtu amesahau. Lakini yale maboksi yatarudi lini?

Tuanze na sheria. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, Sura ya 75, kifungu cha 118, inaipa mahakama uwezo wa kutoa kibali cha upekuzi, na kilichochukuliwa kinafaa kufikishwa mbele ya mahakama. Kifungu cha 121 kinasema kitu hicho kinaweza kuzuiliwa hadi kesi au uchunguzi ukamilike, kikitunzwa kwa uangalifu. Ikiwa hakuna anayepelekwa kushtakiwa, mahakama inaamuru arudishiwe aliyechukuliwa, isipokuwa kuwe na sababu ya kisheria ya kufanya vingine.

Umeona siku ngapi hapo? Hakuna.

Sasa linganisha na mali. Chini ya sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003, amri ya Mahakama Kuu ya kuzuia mali hudumu miezi 6, na lazima warudi kortini wakitaka kuiongeza. Chini ya sheria ya utakatishaji wa pesa ya 2009, amri kama hiyo huisha siku 90 baada ya kuchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kama hakuna ombi la kutaifisha mali hiyo. Yaani pesa zimewekewa tarehe. Karatasi hazina.

Utaniambia, "Si ni karatasi tu?" Haya, tuseme kuna mama aliyeuzia kaunti saruji. Yeye si mshukiwa, ni tenda inayochunguzwa. Leja, risiti na kompyuta zimebebwa. Tarehe 20 ya kila mwezi VAT inamngoja. Juni 30 ritani za mwaka. Sheria ya ushuru inamtaka aweke rekodi kwa miaka 5. Benki nayo inataka hesabu kabla ya mkopo. Akiuliza, jibu ni moja: "Uchunguzi unaendelea." Hajashtakiwa, lakini duka linafungwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tuwe wakweli pia kwa upande wa wapelelezi. Pesa za wizi hupitishwa kwenye akaunti nyingi, na kuzifuata huchukua muda. Sahihi ikidaiwa kughushiwa, hati asili inahitajika. Ukirudisha mapema, ushahidi unaweza kupotea, na huyo mwizi tunayemlilia ataachiliwa.

Lakini kompyuta inaweza kunakiliwa. Leja inaweza kupigwa kopi. Na Katiba, kifungu cha 47, inataka hatua za kiutawala ziwe za haraka, halali na za haki. Kwa hivyo yakikufika: dai orodha ya kila kitu kilichobebwa, iwe na sahihi. Omba nakala kwa maandishi. Wakikaa kimya, nenda kortini na wakili, kwa sababu wa mwisho kuamua ni hakimu, si mpelelezi.

Na wakija kuomba kura, usiwaulize tu kama wanachukia ufisadi. Wote watasema ndiyo. Waulize hivi: mtaunga mkono sheria inayomlazimu mpelelezi arudi kwa hakimu kila baada ya muda uliowekwa, aeleze kwa nini bado anashikilia faili za watu?

Atakayekwepa swali hilo, mwandike jina kwenye daftari lako.